Geti Ulilolifunga Ukiwa Utah

Chumba cha uani,
Bertrams,
Johannesburg.
29 Agosti 2018

Mpendwa kaka yangu Momanyi,

Hujambo, kaka? Vipi lile goti ulilokuwa ukililalamikia tangu Pasaka? Vipi kazi, na wale majirani zako wazee wanaokuletea mikate? Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii inakukuta ukiwa mzima, umekula, na umekaa. Tafadhali kaa.

Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza kulegea, ingawa asubuhi maji ya bomba bado yanauma vidole. Shangazi Kemunto presha yake imetulia na amerudi kwenye kwaya. Mama nilizungumza naye Jumapili. Analalamikia mvua ya Keroka, halafu anamshukuru Mungu kwa mvua hiyo hiyo. Anakuulizia sana. Mimi humwambia uko salama, maana wewe uko salama kweli.

Najua utashangaa kuletewa barua ya kuandikwa kwa mkono kama ya enzi za shule. Nimeandika hivi kwa sababu kila ninapokutumia ujumbe kwenye simu unanijibu kwa kale kasura ka manjano kanakocheka mpaka machozi. Karatasi haina kasura hako. Lorraine, yule wa kanisani anayefanya kazi benki moja na Shangazi, anakuja huko kwenu kwa mkutano wa kazi, na ameniahidi kukutafuta na kukukabidhi mkononi.

Kwanza nikwambie kwamba nina furaha, kaka. Nina furaha ambayo wakati mwingine naionea aibu nikiwa kwenye foleni dukani, kwa sababu natabasamu peke yangu na watu wanasogea kando. Thierry akiamka hupasha viatu vyangu mbele ya hita kabla sijavivaa. Akinyoa ndevu huimba kwa Kifaransa, na sauti haipandi mahali inapotakiwa kupanda, nami hujificha nyuma ya mlango nisikilize mpaka mwisho. Mwezi wa sita alirudi kutoka kazini Lesotho na chupa ya chai mfukoni. Nikadhani ni chai. Nilipofungua kifuniko nikakuta theluji, imebaki kidogo tu, kama kijiko cha sukari. Akaniambia, "Hii ilianguka asubuhi, chérie, nikasema hapana, hii lazima imuone." Nililia kama mtoto. Mtu gani mwingine duniani angesafiri na theluji kwenye taksi, amebanwa na mabegi ya watu, akiomba isiyeyuke?

Huyo ndiye mtu uliyemfungia geti.

Nitakukumbusha siku ile, kwa sababu wewe uliiona kupitia kioo cha simu tu, na huenda hukuona vyema. Mimi nilikuwa chumbani kwa Shangazi kule Kensington, nimefunikwa leso kichwani pamoja na wasichana wengine ili bwana harusi aje anichague. Nilisikia kila kitu dirishani. Watu wa Thierry walifika wakiimba, na ngoma yao, na Mzee Octave, baba yake mdogo, mbele kabisa na suti aliyoishona mwenyewe kwenye karakana yake Jeppestown. Shangazi akashika geti kwa ndani. "Mmepotea njia! Hapa hatuna binti!" Ndivyo tunavyofanya sisi, unajua, toka nyumbani. Tunafunga, wanaimba, tunadai, wanabembeleza, tunafungua. Hakuna anayekasirika.

Wasichana wakadai soda, zikaletwa. Shangazi akadai abebwe mgongoni kutoka getini hadi mlangoni, na uzito wake unaujua. Thierry akapitishwa mlango mdogo wa pembeni, akainama, akambeba. Watu walicheka mpaka majirani wakatoka nje. Kisha akarudishwa nje ya geti, ikabaki zamu yako. Wewe ndiye kaka mkubwa, baba yetu hayupo, na bila neno lako geti halifunguki. Shangazi akainua simu juu ya nondo.

"Shemeji," ukasema, "nasikia huko kwenu unacheza na theluji."

"Ndiyo, shemeji. Nafundisha watu skii, na niko kwenye kikosi cha uokoaji."

"Hiyo si theluji, bwana! Hiyo ni barafu ya friji imemwagika!"

Watu wetu wakacheka. Hata mimi chini ya leso nilicheka. Ndipo ukasema dada yako hawezi kuolewa na mtu wa mteremko wa watoto. Ukamtaka aape mbele ya wazee wake kwamba atashuka korongo kali la kweli, la kiume, la sivyo geti halifunguki. Shangazi anasema wakati huo ulikuwa unatafuna kitu.

Thierry akavua kofia. Akaapa. Upande wetu ukapiga vigelegele, geti likafunguliwa, ngoma ikaingia. Wewe ukakata simu kwa sababu ulikuwa unachelewa mlimani kwa wanafunzi wako wa skii.

Kosa liko hapo, kaka, na ni kosa la watu kama sisi tunaooana na kudhani kwa kuwa lugha ni moja basi na mila ni moja. Kwetu maneno ya getini yanaishia getini. Kwao Bukavu, katika ukoo wa Mzee Octave, neno ambalo wakwe wanaliomba mlangoni na mwanamume akalikubali mbele ya wazee ni sehemu ya ndoa yenyewe. Asipolitimiza, ameingia kwa wakwe kama mwizi. Hali chakula mezani kwao. Ndiyo maana Jumapili zote baada ya harusi Thierry alikuwa akinisindikiza hadi kwa Shangazi, anasalimia vizuri, anakunywa maji, na chakula kikipakuliwa anatoka kusimama barazani. Shangazi alidhani hapendi ugali. Akapika wali. Akadhani hapendi wali. Mimi mwenyewe nilidhani ana aibu. Siku nilipombana kwa maswali ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini kama mtu anayesema ana ugonjwa, "Sijamaliza kukuoa, Nyaboke. Kiapo cha kaka yako kiko pale."

Mwezi wa saba theluji ikaanguka sana kule Lesotho. Alikuwa nyumbani mapumzikoni. Akaniomba tuende pamoja. Nilivaa masweta yangu yote. Nyuma ya mahali anapofanya kazi kuna korongo ambalo wafanyakazi wanaliita Koo, kwa sababu ni jembamba na linameza vitu. Hakuna mtalii anayeruhusiwa huko. Alipanda kwa miguu, mbao za skii begani, mpaka akawa kadoa kekundu juu yangu, nami nikasimama chini nikiwa nimeshika simu ili nichukue video, huku nikiomba.

Acha nikueleze nilichokiona, kwa maana wewe unafundisha Wazungu miteremko mikali na umeizunguka dunia kuitafuta. Ulituandikia kwenye kundi la familia, maneno marefu kama mhubiri. Ulisema Ulaya kwenye Alps makorongo yana kuta za mwamba pande zote, na ukikosea kona unagonga ukuta. Kule Alaska, theluji ni nzito na yenye unyevu, inashika hata mahali pa wima ambapo kwingine isingekaa, kwa hiyo mtu anashuka ukuta mtupu. Kwenu Utah ni kavu na laini kama unga wa ngano, na kazi kubwa ni kuruka magenge yaliyofichwa katikati ya miti. Japani ni nyingi kupita kiasi ila milima yenyewe haina makali. Ukapanga nchi kama mwalimu anavyopanga wanafunzi baada ya mtihani, na mwisho kabisa, chini ya mstari, ukaiweka Lesotho.

Mimi niliishia kidato cha nne na sijawahi kuvaa skii. Lakini nimesimama chini ya Koo. Nakwambia ulipima wima wa mlima, hukupima kilichoko chini ya theluji. Kwenu mtu akianguka anazama kwenye unga. Huku theluji ni shuka tu iliyotandikwa juu ya mawe. Nyasi zilikuwa zimechomoza. Upepo ulikuwa umeipangusa upande mmoja mpaka ikang'aa kama sahani. Thierry hakuteleza kama wale watu wa video zako wanaoacha vumbi jeupe nyuma yao. Alikuwa akiruka na kugeuka, akisimama, akitafuta mahali pa kukanyagia, akiruka tena, na kila aliporuka nilisikia chuma cha skii kikikwaruza jiwe. Sauti hiyo naisikia hadi sasa nikikwangua sufuria. Katikati pale penye wembamba skii moja ikakosa mshiko. Akateremka kwa ubavu, bila sauti. Sijui ni nini kilichomzuia. Alisimama. Akakaa kidogo. Akaendelea.

Alipofika chini alikuwa na damu kwenye kiwiko na anacheka. Akanikumbatia, masweta na yote, akasema, "Sasa wewe ni mke wangu." Nilimpiga ngumi kifuani kisha nikambusu mbele ya watu wa jikoni. Siku hiyo, kaka, nilidhani hakuna mwanamke aliyewahi kupendwa hivyo.

Jumapili iliyofuata alikaa mezani kwa Shangazi. Ungeona! Alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Shangazi akamwongezea, akamwongezea tena, akamwambia, "Kumbe una tumbo, we mtoto!" Alikuwa ameshika kijiko simu zetu zote zilipolia pamoja. Ni wewe. Ulikuwa umeiona video niliyoiweka kwenye kundi la familia. Uliandika: "Hako ni kangazi ka nyumbani. Hakafiki hata digrii arobaini. Huku watoto wanakashuka wakila ice cream. Geti bado limefungwa!" Na zile sura za manjano, mstari mzima.

Thierry alisoma. Akaweka kijiko chini taratibu, akapangusa mdomo, akamshukuru Shangazi kwa chakula, akatoka kwenda barazani. Sahani yake ilikuwa nusu. Kabla hajatoka alikujibu: "Sawa, shemeji." Wewe ukampa kidole gumba.

Kaka, wewe hukuona mgongo wa mume wangu pale barazani. Mimi niliuona. Tangu siku hiyo haimbi akinyoa.

Kuna korongo jingine, mbali zaidi, upande wa magenge. Amepanda kulitazama mara kadhaa bila skii. Anasema kipimo chake hata wewe utakikubali. Mwanzo wake ni wima, kisha linapinda, na baada ya kona huoni chini. Theluji ya kutosha haijaanguka. Lakini watu wa mlimani wanasema theluji ya Septemba huwa inakuja, tena nzito, na yeye anaingoja. Jioni ananoa kingo za skii zake uani na majirani wanadhani ananoa visu vya buchani. Alikuwa akinieleza kila kitu kuhusu theluji. Sasa nikimuuliza ananiambia, "Ni theluji tu."

Usidhani nimekaa tu. Nilikwenda Jeppestown kwa Mzee Octave. Akazima cherehani, akaniwekea kiti.

"Mzee," nikamwambia, "ilikuwa utani. Kwetu ndivyo tunavyochezeana getini."

"Utani?" akasema. "Mwana wangu, miye nilikuwa pale. Mtoto wangu alivua kofia. Kama ilikuwa utani, mbona hakuna mutu hata mumoja wa kwenu alisema, acha, vaa kofia yako? Batu wenu walipiga vigelegele."

Swali hilo lina jibu gani? Wewe unalo?

"Basi mfungulie wewe," nikamsihi. "Wewe ni mzee wake."

"Miye sikufunga. Kaka yako alifunga, yeye njo atafungua. Aseme na kinywa chake, Thierry asikie. Neno moja tu. Hata kwa simu, kama vile alifunga kwa simu." Akawasha cherehani, kisha akaizima tena. "Unafikiri miye napenda? Nilimlea huyu."

Nikaenda kwa Shangazi. Akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akasema Momanyi ana mzaha tangu utotoni na hataki maneno na wewe kwa kuwa uko peke yako ugenini. Kila mtu anakuhurumia kwa ugenini wako, kaka. Huku Johannesburg sisi tuko wapi, kwetu?

Mwisho nikamwambia Thierry mwenyewe, "Mimi ndiye bibi harusi. Mimi nakufungulia. Limekwisha." Akanitazama kwa upole ule unaoniua. "Weye ulikuwa ndani, chérie. Mwenye kuwa ndani hashiki funguo." Nikapandwa na hasira, nikamuuliza kwani nimeolewa au niko mahabusu. Akacheka kidogo, cheko la kwanza baada ya siku nyingi, halafu akatoka kwenda kunoa.

Kwa hiyo nimebaki na wewe. Na nitakwambia kinachoniuma kuliko vyote. Thierry hajawahi kukubishia. Anasema wazi kwamba huko kwenu na Alaska na Ulaya ni kukali kuliko hapa, na kwamba wewe ni hodari kuliko yeye. Anaangalia video zako na kusema, "Tazama shemeji, tazama anavyogeuka!" Anakusifu, kaka. Hakutaka kushindana nawe. Alitaka tu kukaa mezani na wakwe zake.

Na wewe ukishuka huko hushuki peke yako. Ulishatuambia: kuna watu wanaolipua theluji mbovu alfajiri kabla hamjafika, kuna redio, kuna mbwa wa kunusa waliofukiwa, kuna helikopta, kuna hospitali inayoonekana kutoka kileleni. Huku kwenye mlima ule mwokoaji ni Thierry. Akianguka Thierry, nani anakwenda kumtoa? Hilo nalo liweke kwenye mpangilio wako wa nchi. Sijui lina digrii ngapi.

Nimekupenda tangu ulipokuwa ukinibeba kuvuka mto kwenda shule, na bado nakupenda, ingawa mwezi huu ni kwa shida. Lakini nisikilize vizuri. Theluji ikija kabla hujanena, na mume wangu akapanda kule kwa ajili ya neno ulilolisema ukitafuna, sitakuita tena unenee chochote cha kwangu. Wala mtoto wangu akizaliwa, wala binti yangu akiolewa. Nitamwambia Mama kwamba nilikuandikia na ulisoma.

Salamu zangu zimfikie Gichuki unayekaa naye, mwambie zile shuka alizotutumia tunazitumia na ni nzuri. Wasalimie wale wazee wa mikate. Shangazi Kemunto anakusalimu, Lorraine atakueleza mengine. Mzee Octave naye amesema nikupe salamu, na alizisema kwa heshima. Thierry hajui kwamba nakuandikia. Angekuwa anajua angesema nikusalimu sana.

Mungu akulinde kwenye miteremko yako yote, akurudishe chini ukiwa mzima kila jioni. Namwomba hivyo kila siku, kwa majina mawili, lako na la kwake.

Namba ya Thierry unayo. Mpigie. Akipokea, usianze kwa kucheka.

Ni mimi dada yako, mke wa mtu,
Nyaboke